Kiingereza cha Kamba

Ninyi vijana mnaokuja kibandani kwangu hapa Nyasubi kununua kamba za maduara yenu, mashimo yenu ya dhahabu, wengi wenu mnachagua rangi. Nipe ya bluu, nipe ya njano. Mnaivuta mara mbili tatu mkinikazia macho kana kwamba mnayemkagua ni mimi, mnalipa, mnaondoka. Hakuna anayeuliza ilikaa wapi kabla ya kufika hapa, juani au kivulini, wala kama iliwahi kukunjwa ikiwa imelowa. Na hakuna anayeuliza vidole vya mkono wangu wa kushoto vilikwenda wapi, ingawa macho yenu nayaona yakienda huko na kurudi. Leo nawajibu yote mawili.

Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo msitegemee mpangilio. Nitaruka huku na huku. Lakini jambo lenyewe ni moja. Kuna mtu anaitwa Shija, aliyenifundisha kazi, ambaye alifukuzwa mgodini kwa kuambiwa kwamba Kiingereza chake kibovu kilimuua mwenzetu Masanja. Si kweli. Waliosema hivyo nitawataja. Na aliyeumizwa zaidi na uongo ule si Shija, ni binti yake, kwa sababu yeye aliuamini.

Kamba kwanza. Usinunue kamba kwa macho, inunue kwa pua na kiganja. Ya katani ikioza ndani inanuka kama godoro la mtoto kikojozi, hata kama nje inang'aa. Ya nailoni ikiungua na jua inaacha unga mkononi ukiisugua. Hiyo fungia mbuzi, usifungie mtu. Na usiizungushe kiganjani ili upate nguvu. Huo ni ujinga wa kila mgeni, na mimi niliufanya siku yangu ya kwanza. Shija alinijia, akaifungua mkononi mwangu polepole kama mtu anayemvua mtoto shati, akaniuliza kama nimeoa. Nikasema bado. Akasema basi tunza vidole, mke atataka pete ikae mahali. Gengi zima likacheka. Mimi nilinuna mpaka wakati wa chakula.

Tuliitwa gengi la kamba. Mgodi ulikuwa wa kampuni ya wageni, upande wa Geita, na jina lake siandiki kwa sababu umeshauzwa na kuuzwa tena, na waliomo sasa hawanijui. Kazi yetu ilikuwa kuhamisha vitu vizito pale ambapo kreni haifiki: mapampu, mota, mabomba ya chuma. Kulikuwa na mteremko wa kushukia mgodini, mwembamba, wenye kona kali. Mzigo unalazwa juu ya magogo chini kule, kamba inapanda mpaka kwenye kona, inazunguka kapi, kile kigurudumu cha kupitishia kamba, halafu huku juu ndiko tunakojipanga sisi wavutaji. Mwitaji anasimama chini, karibu na mzigo, ili auone unavyotembea. Sisi hatuoni. Yeye anaona mzigo tu, na sisi tunaona migongo ya wenzetu tu.

Nyuma kabisa ya mstari kuna mtu anaitwa mkia. Mkia havuti. Yeye ameizungusha kamba kwenye nguzo ya chuma iliyochimbiwa ardhini, na kila tunapopata hatua, anaukusanya ulegevu na kuubana. Sisi wote tukiteleza, nguzo inashika. Kwa hiyo mtu wa maana kuliko wote ni yule ambaye mgeni akipita anamwona amesimama tu, anadhani ni mvivu.

Sasa Shija ndiye alikuwa mwitaji. Kwao ni Ushetu. Kabla ya mgodi alikuwa manju wa kikundi cha kulima, wale wanaokodiwa kwenda shamba la mtu wakalima kwa wimbo, majembe yote yakiinuka na kushuka pamoja. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ilikuwa na ncha. Ilipita katikati ya kelele za jenereta kama sindano inavyopita kwenye gunia.

Maneno ya kuitia hakuyatunga yeye. Aliyakuta. Yaliletwa na fundi mmoja wa kigeni wa zamani, ambaye akitaka mzigo upande alikuwa anasema "Take it up slowly." Inue polepole, ndiyo maana yake. Maneno mazuri kabisa kwa mtu aliyekaa kwenye kiti. Lakini kamba haivutwi na maneno, inavutwa na mapigo. Nguvu ya watu inataka itoke mwishoni, kwenye neno zito, kama jembe linavyotua. Ile "slowly" inatua halafu inaongeza kitu kidogo nyuma, "li", kama mtu aliyekwisha kaa halafu anajisogeza. Wewe umeshavuta, bado kuna "li". Miguu inalegea. Kwa hiyo ile "li" ikadondoka. Hakuna aliyekaa kikao akasema tuitoe. Ilidondoka tu, kama kifungo cha shati la kazi.

Ikabaki "up" na "slow", na hapo pakawa na shida nyingine. Zote mbili nzito, zimekaa bega kwa bega. Unavuta, unavuta tena kabla hujapumua. Watu wakaanza kulalamika mgongo. Basi katikati pakaingia kitu kidogo cha kuvutia pumzi, "a" nyepesi: "Take it up a-slow." Kwa midomo yetu ya Kisukuma ikawa "Tekitapu asilo", imekwenda kwa mkupuo. Wazee waliokuwepo kabla ya Shija waliniambia waliisikia ikibadilika mwaka hadi mwaka, na kila mmoja aliapa kwamba si yeye aliyeanza.

Kuna kipindi alikuja kijana mmoja wa Chato, Mzinza, aliyekulia kwenye nyavu. Nyavu hukusanywa mkono juu ya mkono, bila kukatika. Kwetu akawa anavuta hata tunapopumua, na mzigo ukawa unatembea kama mlevi anayerudi kutoka harusini. Wengine walitaka afukuzwe. Shija hakumgombeza. Aliirefusha tu ile "a" ya katikati, akaishikilia na kuishikilia, mpaka Mzinza akachoka kuvuta kamba isiyokuja, akajifunza kusubiri. Mzinza baadaye akarudi kwao. Ile "a" ndefu ikabaki. Waliokuja nyuma yake walidhani ndivyo Kiingereza kilivyo, na wakawakosoa wageni wenzao waliokuwa wanaikata fupi. Mimi mwenyewe niliwahi kumkosoa mtu.

Lakini kitu kikubwa hakikuwa maneno ya mwitaji, kilikuwa jibu. Shija akiita "Tekitapu asilo", mstari wote unajibu kwa pamoja, "Asilo." Halafu kimya kidogo. Halafu kule mwisho kabisa, mkia peke yake, "Silo." Hapo ndipo tunavuta. Ile silo ya mwisho ndiyo iliyokuwa macho ya Shija. Alikuwa hamwoni mkia, lakini akimsikia, anajua nguzo ina mtu. Asipoisikia, havuti mtu, hata aje nani. Niliwahi kumwona akimsimamisha meneja mzima na maofisa wake wakati wa mchana wa jua kali, mpaka mkia amalize kufunga kiatu na kujibu.

Mkia wetu kwa miaka mingi alikuwa Jilala, mtu mrefu, mpole, anayecheka kwa kichwa bila sauti. Kumbukeni kwamba alikuwa mrefu.

Niwarukishe sasa mpaka juzijuzi hapa. Alikuja mwanamke kibandani, amevaa vizuri, ananyooka akitembea. Akanipa shikamoo, akasema anataka kamba ya mlingoti wa bendera wa shule anayofundisha. Nikamuuliza anafundisha nini, akasema Kiingereza. Nikamuuliza jina la kuandika kwenye risiti, akasema Kabula Shija.

"Shija wa Ushetu? Yule mwitaji?"

Uso wake ukafungwa kama dirisha la duka. Akasema ndiye baba yake. Nikamwambia mimi ni Baba Neema, nilifanya naye kazi, na nikauinua mkono huu.

"Basi unajua alichofanya," akasema.

"Alifanya nini, mwalimu?"

"Alimuua Masanja kwa Kiingereza kibovu."

Alisema taratibu, kama mtu anayesoma tangazo la ukutani. Ndipo nikamtolea kigoda. Kulikuwa na wateja wawili, nikawaambia waende wakarudi kesho.

Aliniambia kwamba habari za kufukuzwa baba yake zilifika shuleni kwao kabla baba mwenyewe hajafika nyumbani. Wenzake wakampa jina, wakamwita Tekitapu. Akipita wanavuta kamba hewani. Akaapa moyoni kwamba atakijua Kiingereza mpaka mtu asipate pa kumnyooshea kidole, na kweli amekijua. Wanafunzi wake wanamwita Madam Sahihi, na anajua kwamba wanamwita hivyo. Kwao Ushetu hajakanyaga tangu mazishi ya mama yake. Dawa za baba yake anazituma kwa basi, na mafuta ya kula, na sabuni. Yeye mwenyewe haendi. Nikamuuliza kama aliwahi kumwuliza mzee ilikuwaje. Akasema aulize nini, wakati iliandikwa na kusainiwa?

Basi nikamwambia, na ninyi nawaambia kama nilivyomwambia yeye.

Alikuja afisa usalama mpya, anaitwa Edgar. Kijana msafi, kofia nyeupe isiyo na mkwaruzo. Wiki yake ya kwanza alisimama akatusikiliza tukivuta mota, akacheka na kutikisa kichwa. Kesho yake alitukusanya. Akasema ni aibu kwa kampuni wageni wakija wasikie makelele yale, na kwamba lugha ya watu ina kanuni zake. Kuanzia sasa ni "Take it up slowly", yote, na "li" yake. Na jibu halipo tena.

"Mtu mmoja anasema, wengine wanatii," alisema. "Hapa hatuko ngomani."

Shija akanyoosha mkono. Akauliza, na mkia atajuaje kwamba yupo? Edgar akamwambia mkia si anasimama pale siku zote? Shija akasema yeye kule chini hamwoni. Edgar akamjibu kwamba hahitaji kumwona, anahitaji kumwamini. Pembeni yake alikuwa msimamizi wetu wa zamu, Fidelis, naye akacheka. Huyo Fidelis ndiye anayeniuma zaidi. Edgar hakuwahi kushika kamba, tuseme hakujua. Fidelis alianzia kwenye kamba. Alikuwa mkia kabla ya Jilala. Alijua ile silo ya mwisho ni ya nini, na akacheka kwa sababu bosi amecheka.

Tukafanya kazi hivyo kwa muda, na hakuna kilichotokea, na kila siku ambayo hakuna kilichotokea Edgar alizidi kuwa sahihi.

Siku yenyewe kulikuwa na mvua na wageni kutoka makao makuu. Tulikuwa tunapandisha pampu. Mimi nilikuwa wa kwanza kwenye mstari, karibu na kapi. Masanja alikuwa chini, nyuma ya mzigo, anahamisha magogo. Wageni wakaja juu kule, upande wa nguzo, wakasimama kwenye mvua. Edgar akatafuta mtu mrefu wa kumshikia mkubwa wao mwavuli. Fidelis akaenda akamgusa Jilala begani. Jilala akauliza nguzo je? Fidelis akasema nenda, nitasimama mimi. Na akasimama, nisimsingizie. Alisimama kidogo. Halafu wageni wakaanza kupiga picha, naye akaenda akaingia kwenye picha. Haya nimeyapata kwa Jilala mwenyewe. Alikuja kuniona hospitali, akayasema akiwa amegeukia ukuta.

Shija kule chini hakujua. Aliita.

"Aliitaje?" Kabula akaniuliza. Ni mara ya kwanza alinikatiza.

"Aliita 'Take it up slowly.'"

"Na li?"

"Na li yake. Siku ile Kiingereza cha baba yako kilikuwa safi kuliko cha Edgar."

Hatukujibu, kwa sababu tulikatazwa. Tukavuta. Kwenye matope mtu mmoja akateleza, akamwangukia mwenzake, na kamba ikatuponyoka wote. Hakukuwa na mtu kwenye nguzo. Ilifyatuka kuelekea chini, ikauchukua mkono wangu mpaka kwenye kapi, na pampu ikarudi juu ya Masanja. Nilimsikia Shija akiliita jina lake. Sikumsikia Masanja.

Mimi nikiwa wodini, walifanya uchunguzi wao. Edgar akasema kwamba mwitaji kwa miaka mingi alitumia lugha isiyoeleweka, na wafanyakazi wakachanganyikiwa. Fidelis akaitwa, akasema ndivyo. Jilala hakuitwa, alipewa likizo ambayo hakuiomba. Shija alipoambiwa ajitetee, alisema, "Mimi niliita." Basi. Wakamwandikia barua. Nilipotoka hospitali nilikwenda mpaka getini, na mlinzi akaniambia faili limefungwa. Nikarudi tena, na tena. Mwisho mlinzi akawa rafiki yangu, lakini faili halikufunguka. Edgar siku hizi ni mkufunzi, anazunguka akifundisha usalama. Fidelis ana nyumba ya wageni, na picha ile ya siku ile, nimeambiwa, imetundikwa mapokezi. Sikwenda kuiona. Mwenye kutaka aende.

Sina hasira ya kupiga kelele tena, imeshapoa, imekuwa kama chuma kilichozimwa majini. Ila nawaomba kitu. Najua mna winchi za umeme, mnabonyeza kitufe. Sawa. Lakini kabla hujabonyeza, ita, na usibonyeze mpaka aliye upande wa pili ajibu. Ajibu kwa neno lolote, la Kisukuma, la Kichina, hata tusi. Na akitokea msomi kuwaambia kelele zipungue, mwambieni apunguze mengine. Jibu liacheni.

Nilipomaliza, Kabula hakulia. Alikaa akiangalia kamba zilizoning'inia. Akalipia ya bendera, akaondoka, na kamba akaiacha juu ya kigoda.

Jumamosi iliyofuata alirudi. Nilidhani amefuata kamba, nikamnyooshea. Hakuipokea. Akakaa mwenyewe bila kukaribishwa, akaniambia nimwitie kama baba yake alivyokuwa anaita, ile ya zamani, kabla ya Edgar. Nikamwambia hapa sokoni, mwalimu, watu wataona nimechanganyikiwa. Akasema wamwone na yeye. Nikaita, kwa sauti ya chini. Akaniomba tena. Alikuwa anagonga goti kwa kidole, na kidole kilikuwa kinatua palepale tulipokuwa tunavutia.

Halafu akaanza kunifundisha, na sikiliza, huyu ndiye Madam Sahihi. Akasema "slow" bila "li" Waingereza wenyewe wanaitumia tangu zamani sana, hata leo wanaiandika kwenye vibao vya barabarani wakitaka dereva aende polepole. Waliokuja kuikemea ni wenye vitabu vya kanuni, baadaye. Na ile "a" yetu ya kuvutia pumzi, wanayo. Zamani walisema mtu yuko "a-coming", yuko "a-going", na mpaka leo kuna wazee wa milimani huko ng'ambo hawajaiacha, wanaiweka pale tu pigo zito linapofuata.

Nikamwambia huo si mchezo, yaani walikuwa na mkia na kamba na wao? Akacheka, na meno yake ni ya Shija matupu. Akasema lugha yao inatembea kwa pigo zito na jepesi, zito na jepesi, na haipendi mazito mawili yagongane. Ndiyo maana taa ikiwa imewaka wanaweza kusema ni "lit", wakafunga mdomo. Lakini wakitaka kuiita taa yenyewe kwa sifa hiyo, wengi walipenda kusema "a lighted lamp", waongeze kijisilabi katikati. Na mlevi, ukisema amelewa ni "drunk", lakini neno likitangulizwa mbele ya mtu linakuwa "a drunken man". Neno moja, sura mbili, na kinachochagua sura mara nyingi ni mguu unavyotaka kukanyaga. Miaka na miaka mdomo unachagua hivyo, halafu siku moja mtu anakuja anaandika kitabu, anaita sura moja kanuni na nyingine kosa.

Nilimwelewa vizuri kuliko alivyotegemea. Sisi tukilaza chuma juu ya chuma tulikuwa tunaweka kipande cha mbao katikati, visisagane. Nikamwambia hivyo. Akasema kwamba hiyo ataitumia darasani.

"Kwa hiyo tulikuwa tunasema Kiingereza?" nikamuuliza.

"Mlikuwa mnasema Kiingereza, Baba Neema. Mlikuwa mnakifanyia kile ambacho wenyewe wanakifanyia."

Nikamwambia nimefurahi, lakini mimi hayo sikuyahitaji, mimi siku zote najua nani alisimama kwenye picha. Kuna mtu anayeyahitaji, na hakai Nyasubi. Akatazama chini. Alisema hajui ataanzia wapi, maana zimepita sikukuu nyingi. Kisha akaniuliza kama naweza kumsindikiza.

Tulikwenda kwa basi la asubuhi, halafu pikipiki. Njia nzima aliongea habari za mitihani, na mimi nikamwacha aongee. Ni msimu wa kuchuma tumbaku kule. Tulimkuta Shija nje ya bani lake la kukaushia, amekaa kwenye gunia, anafunga majani kwenye fito kabla hayajaingizwa kwenye moto. Amekonda. Alitutazama wote wawili, mimi kwanza, kisha binti yake, mikono ikiendelea kufunga.

Kabula alipiga goti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, ng'wanawane," mwanangu, akasema, kana kwamba binti alikuwa ametoka tu kisimani. Akaniuliza mimi hali ya biashara. Akauliza kama huko mvua imenyesha. Nikajibu yote, na Kabula bado yuko palepale chini, vumbi limeingia kwenye sketi.

Halafu akasema, "Baba, mbona hukuniambia?"

Shija akamaliza fundo alilokuwa analifunga.

"Nikuambie nini, na mwenye kusoma ni wewe? Walisema niliongea vibaya, mtu akafa. Mimi Kiingereza nilikisikia, sikukisoma. Ningebisha kwa lipi? Nikasema, huyu mtoto anakwenda shule, akifika mwisho wake atakuja aniambie kama nilikosea. Nikawa nakungoja." Akachukua fito nyingine, akaiweka magotini. "Ulipokuwa huji, nikaona ndiyo majibu yenyewe."

Niliangalia moshi wa bani la jirani.

"Haya, umekuja," akasema. "Nilikosea?"

"Hukukosea, baba. Siku ile hukukosea, na kabla ya siku ile hukukosea. Uliita, na aliyetakiwa kujibu walikuwa wamemwondoa."

Midomo ya Shija ilikuwa inatembea kidogo bila sauti, na mimi niliyekaa naye kwenye kamba miaka ile nilijua anarudia nini. Kisha akajisogeza, akaacha nafasi kwenye gunia.

"Basi kaa. Majani yakilala hivi hivi yanaharibika."

Kabula akakaa. Akachukua majani mengi kwa mara moja, akayafunga kwa nguvu kama anayefunga mzigo wa safari. Shija akamtazama, akanyoosha mkono, akamfungulia.

"Mawili mawili," akamwambia. "Mawili huku, mawili huku. Na usikaze sana."